Bao la saba la Elliot Anderson: kwa nini madogo wa Kiingereza wanauzwa wakishaiva

#1 Fundi wa Jioni

Wakuu salaam.

Tarehe 7 Mei 2022, siku ya mwisho ya League Two, daraja la nne kule England. Bristol Rovers na Northampton wana pointi sawa, nafasi ya kupanda moja kwa moja imebaki moja, na Northampton wanawazidi Rovers tofauti ya mabao matano. Northampton wanashinda 3-1 ugenini kwa Barrow. Hesabu yake ni kwamba Rovers lazima wampige Scunthorpe, ambaye alishashuka daraja, bao saba. Dakika ya 85 ubao unasoma 6-0. Mpira unaingia kwenye boksi, dogo wa miaka 19 aliyekuja kwa mkopo Januari anautia kichwa. Saba! Mashabiki wakamwagika uwanjani, mechi ikasimama. Tofauti ya mabao ikalingana, Rovers wakapanda kwa kuwa wamefunga mengi zaidi.

Dogo mwenyewe ni Elliot Anderson. Mtoto wa pembeni mwa Newcastle, kapita Wallsend Boys Club, ile klabu ya mtaani aliyopita Alan Shearer, kisha akaingia akademi ya Newcastle akiwa na miaka 8. Akarudi kutoka Bristol, akawa anapewa dakika za kuhesabu, akaumia mgongo. Mwisho wa Juni 2024 akauzwa Nottingham Forest kwa pauni milioni 35. Septemba 2025 yuko Villa Park na jezi ya England ya wakubwa, wanacheza na Andorra.

Sasa uzi wangu uko hapo katikati. Newcastle hawakumuuza kwa kuwa hajui mpira. Kocha wao Eddie Howe mwenyewe alisema wazi hakutaka aondoke. Kauzwa kwa sababu ilikuwa mwisho wa Juni na vitabu vya hesabu vinafungwa.

Ninachosema ni hivi: England ya leo haina shida ya kuzalisha wachezaji. Shida iko kwenye kile kipande cha miaka 17 hadi 21, pale mtoto anapotakiwa aanze kucheza na watu wazima wenye kodi za nyumba za kulipa. Nitashusha kidogo kidogo, nina zamu ya usiku, msinikimbize.

#2 Kiti cha Mbele

Naweka kambi. Mkuu usije ukatutelekeza kama ule uzi wa Everton.

#3 Bwana Nukta

Mimi sijaona tatizo. Dogo kauzwa, kapata namba, kaitwa timu ya taifa. Pale Newcastle katikati kulikuwa na Bruno Guimarães, Tonali na Joelinton, angecheza lini? Unatuletea msiba kwenye harusi.

#4 Fundi wa Jioni

Bwana Nukta, kwa upande wa dogo nakubali, tena mia kwa mia. Forest wamemfaa. Mimi nazungumzia klabu inavyopiga hesabu.

Sheria za fedha za Premier League wakati ule ziliruhusu klabu ipate hasara isiyozidi pauni milioni 105 kwa miaka mitatu. Ukinunua mchezaji kwa milioni 50, mkataba miaka 5, kwenye vitabu unaandika gharama ya milioni 10 kila mwaka. Baada ya miaka 2 ukimuuza kwa 50 ileile, vitabuni bado ana thamani ya 30, kwa hiyo faida yako inasomeka 20 tu. Lakini mtoto uliyemlea mwenyewe toka ana miaka 8 vitabuni ni sifuri. Ukimuuza 35, faida ni 35 yote, inaingia siku hiyohiyo.

Kwa hiyo mtu wa fedha akikaa mezani na orodha ya wachezaji, jina la kwanza analolipigia mstari ni la mtoto wa nyumbani. Yule ambaye mashabiki wamemtungia wimbo.

Angalia Juni ileile ya 2024. Aston Villa wamemuuza Omari Kellyman kwa Chelsea kwa milioni 19, dogo ambaye mechi zake za wakubwa unazihesabu kwa vidole. Chelsea wakawauzia Villa Ian Maatsen, naye kakulia akademi yao. Villa wakampeleka Tim Iroegbunam Everton, Everton wakampeleka Lewis Dobbin Villa. Ni kama majirani wanaouziana kuku jioni ili kesho kila mmoja aonyeshe kwenye daftari la kikoba kwamba biashara inatembea. Kuku ni walewale.

Na Agosti 2025 Villa wamemuuza Jacob Ramsey, mtoto wa Birmingham, kaingia pale akiwa mdogo kabisa. Kanunuliwa na nani? Newcastle. Haohao.

#5 Kiti cha Mbele

Hahaha hiyo ya kuku nimeiiba.

#6 Mzee wa Daftari

Mwanzisha uzi umeanzia juu ya paa. Ngoja niwape msingi.

Mwaka 2010 England walipigwa 4-1 na Ujerumani pale Bloemfontein, na Euro 2008 hata kufuzu walishindwa. Kelele zikawa nyingi. Mwaka 2012 Premier League wakaanzisha mpango mpya wa akademi, unaitwa EPPP kwa kifupi. Akademi zikakaguliwa na kupangwa kwa madaraja, la 1 hadi la 4: una makocha wangapi, viwanja vya ndani unavyo, mtoto anapata saa ngapi za mpira kwa wiki, shule anasomea wapi. Oktoba mwaka huohuo FA, chama cha soka cha England, wakafungua kituo cha St George's Park kule Burton, timu zote za taifa zikapata nyumba moja. Desemba 2014 wakatoa mwongozo wao wa jinsi timu za England zitakavyocheza kuanzia watoto mpaka wakubwa, Dan Ashworth ndiye mkurugenzi wa FA wa kukuza vipaji, kocha Gareth Southgate bado yuko na U-21, vijana wa chini ya miaka 21.

Matunda yakaonekana 2017. Mwaka mmoja! Juni wakachukua Kombe la Dunia la U-20 Korea Kusini, Julai Euro ya U-19, Oktoba Kombe la Dunia la U-17 kule India. Fainali ya Kolkata wako nyuma 2-0 kwa Hispania, wakarudi wakashinda 5-2. Foden kafunga mawili, kachaguliwa mchezaji bora. Rhian Brewster kamaliza na mabao 8, mfungaji bora.

Lakini hiyo EPPP ilikuwa na mwiba ndani. Zamani mtoto hakuruhusiwa kusajiliwa akademi iliyo mbali zaidi ya saa moja na nusu kutoka nyumbani. Mpango mpya ukawafungulia wakubwa wa daraja la 1 wachukue watoto nchi nzima, na fidia ikawekwa bei ya kwenye jedwali: mtoto wa miaka 9 hadi 11 ilikuwa pauni 3,000 kwa kila mwaka uliomlea. Klabu ndogo zikapiga kura kukubali huku zimejishika kichwa, maana fedha za ruzuku ya akademi ziko mkononi mwa Premier League.

Matokeo? Brentford 2016 wakafunga akademi kabisa. Wamelea, Manchester City wamemchukua Poveda, Manchester United wamemchukua Bohui, kilichobaki ni chenji. Wakaanzisha timu B ya vijana waliotemwa kwingine, na biashara ikalipa. Baadaye walipokwishazoea Premier League ndipo wakarudisha akademi.

#7 Mtoto wa Darajani

Sisi wa Chelsea huu uzi unatuhusu kuliko wote, na mnatusengenya.

FA Youth Cup, kombe la vijana la England, tumechukua mara 5 mfululizo, 2014 hadi 2018. Kombe la vijana la UEFA 2015 na 2016. Akademi yetu ya Cobham ilikuwa inatoa watu kama kiwanda cha sabuni. Kikosi cha kwanza waliingia wangapi miaka hiyo? Tulikuwa tunawatuma kwa mkopo kama barua. Tammy Abraham kafunga 23 za ligi Bristol City akiwa na miaka 19, karudi, katumwa Swansea, karudi, katumwa Villa kawapandisha daraja.

Mlango ulifunguka kwa adhabu tu. 2019 FIFA wametufungia usajili, kocha Lampard hana wa kununua, ndiyo tukawaona Mount, Abraham, Tomori, Reece James. Tomori na Mount walikuwa na Lampard Derby kwa mkopo msimu uliotangulia, James alikuwa Wigan. Tukamaliza nafasi ya 4. Adhabu ilipoisha tukarudi dukani. Abraham Roma, Tomori Milan, Guehi Palace, Mount United, Gallagher Atletico, tena huyu wa mwisho kavaa kitambaa cha unahodha karibu msimu mzima halafu akaonyeshwa mlango.

Kwa hiyo Fundi yuko sahihi, ila aongeze: klabu tajiri haimwamini mtoto mpaka inyimwe pesa.

#8 Bwana Nukta

Sasa kama shida ni dakika, si waweke timu B kama Hispania? Castilla, timu B ya Real Madrid, inacheza na watu wazima kila wiki. Dawa ipo, Waingereza wabishi tu.

#9 Mzee wa Daftari

Ilijaribiwa. Mei 2014 mwenyekiti wa FA, Greg Dyke, alipendekeza hilo hilo, timu B ziingie kwenye mfumo wa ligi. Mashabiki walikataa. Ukiwa Uingereza utaelewa: mtu wa Rochdale au Accrington, babu yake kashangilia timu hiyo, halafu unamwambia Jumamosi anacheza na watoto wa Manchester City wasiokuwa na shabiki hata mmoja jukwaani. Ikafa.

Wakapewa kipande: kuanzia 2016-17 vikosi vya vijana vya timu kubwa vinaingia EFL Trophy, kombe la madaraja ya tatu na nne. Mashabiki wengi waligoma kwenda, ukiangalia picha za mechi hizo unaona viti.

#10 Fundi wa Jioni

Na hapo ndipo narudi kwenye bao la saba. Madogo wana ligi yao, Premier League 2. Nimeshaenda kuangalia, bure au karibu na bure. Mpira safi sana. Pasi mguuni, kipa anaanzisha kwa utaratibu, hakuna anayemkanyaga mtu. Wakifungwa wanapeana mikono wanapanda basi. Hakuna anayeshuka na familia yake.

Sasa mchukue huyo umpeleke League Two Februari, uwanja tope, beki ana miaka 34 na mkataba wake unaisha Juni. Atakukanyaga dakika ya 3 akuombe radhi dakika ya 90. Anderson alijifunza hayo miezi ile michache, na siku ya mwisho mji mzima umemtegea kichwa chake.

Ndiyo maana Sancho alikimbia. 2017 City wamemwekea mkataba mezani, akaangalia mstari uliokuwa mbele yake, akaenda Dortmund ya Ujerumani akiwa na miaka 17. United wakaja kulipa milioni 73 mwaka 2021. Bellingham naye njia hiyohiyo, ila yeye kwanza alianza Birmingham na watu wazima akiwa na miaka 16 na siku 38. Birmingham walikuwa hawana ujanja, timu ina shida ya pesa na ya watu, mtoto akaingia. Ingekuwa City angekuwa anang'aa U-18.

Foden ndiye wa kipekee. Kocha wa City, Guardiola, alikataa kumtoa kwa mkopo, akamkalisha karibu yake miaka mitatu anamchemsha polepole. Kila dogo anayeambiwa "subiri" anatajiwa Foden. Hawamtajii waliosubiri naye.

#11 Mzee wa Daftari

Hilo la waliosubiri naye lina ushahidi. Chukua kikosi cha Kolkata. Foden, Guehi, Gallagher, Gibbs-White, Smith Rowe, Hudson-Odoi, wote hao wamefika. Lakini Brewster, mfungaji bora wa dunia nzima, majeraha yamemla. Nahodha Joel Latibeaudiere wa City hakupata nafasi pale, kapita Swansea na Coventry, timu ya taifa anachezea Jamaica. Kipa Curtis Anderson, aliyefunga penalti kwenye mikwaju dhidi ya Japan, alikwenda Marekani kutafuta namba kisha akarudi madaraja ya chini. Na hao ni mabingwa wa dunia, fikiria wale ambao hawakuitwa.

#12 Njoro Mlima

Wadau, na sisi tuna watu wetu huko ndani. Clarke Oduor, mzaliwa wa Kenya, akademi ya Leeds. Leeds hawakumpa nafasi, akaenda Barnsley. Julai 2020 siku ya mwisho ya Championship, daraja la pili, ugenini kwa Brentford, dakika za nyongeza anafunga, 2-1, Barnsley hawashuki daraja. Nililia kama mtoto na wala mimi si wa Barnsley.

#13 Kiti cha Mbele

Kwetu Haji Mnoga, kazaliwa Portsmouth, kakulia akademi ya Portsmouth, kachezea hadi U-17 ya England, sasa ni Taifa Stars. Na kabla yake Adi Yussuf, mzaliwa wa Zanzibar, kalelewa Leicester, hakucheza kikosi cha kwanza, akazunguka Mansfield, Grimsby, Solihull Moors. Maisha ya mpira ni hayo, Wembley ni ya wachache.

#14 Mama Nasra

Mimi si mtu wa mpira, nimeingia kwa sababu kijana wangu ana miaka 9 na anapenda. Naomba kuuliza: hawa wanaotemwa, wanaambiwaje? Na wanabaki na nini?

#15 Fundi wa Jioni

Mama Nasra, swali lako ndilo lililonifanya nianzishe uzi, nilikuwa najizungusha tu.

Mtoto wa dada yangu aliingia akademi akiwa na miaka 9. Klabu siitaji. Jumanne, Alhamisi, Jumamosi, na mechi Jumapili. Dada anatoka kazini saa kumi na nusu, anambeba, foleni ya barabara kuu dakika 50, mtoto anavaa soksi za mazoezi ndani ya gari na anakula wali wa jana kwenye kopo. Mama anakaa maegeshoni kwa muda wa saa mbili, heta imewashwa, anasahihisha madaftari maana ni mwalimu. Miaka saba. Gari lilikuwa linanuka nyasi na dawa ya misuli hata ukiliosha.

Kuna kitu wengi hawakijui. Huko mwaka wa shule unakatwa 1 Septemba, na vikundi vya umri vya akademi vinafuata hapohapo. Aliyezaliwa Septemba na aliyezaliwa Agosti inayofuata wako kundi moja, wamepishana karibu mwaka mzima. Kwenye akademi za Uingereza watoto wa Septemba hadi Desemba wamejaa kupita kiasi, wa majira ya joto wachache, na hilo limechunguzwa sana. Siku hizi baadhi ya klabu zinapanga mashindano kwa ukuaji wa mwili badala ya tarehe ya kuzaliwa ili wadogo wasimezwe. Mpwa wangu ni wa tarehe 20 na kitu Agosti. Alikuwa na akili ya mpira ila kila akigusana na mtu anaruka kama karatasi.

Uamuzi mkubwa uko miaka 16: ama unapewa mkataba wa uanafunzi wa miaka miwili, unafanya mazoezi kutwa na masomo pembeni, ama basi. Waliitwa ofisini, yeye na mama yake. Kikao hakikufika dakika kumi. Kocha alikuwa mpole, alisema "mwili haujaja". Walipotoka mtoto akauliza kama Alhamisi aende au asiende, kwa sababu begi lilikuwa limeshapangwa.

Hakulia pale. Alilia wiki mbili baadaye, kwenye duka, alipoona mtoto mwingine na jaketi la ile klabu lenye herufi za jina lake kifuani.

Mwaka uliofuata akarefuka inchi nne.

#16 Mama Nasra

Allah. Huyo mama nimemuona kabisa kwenye hilo gari.

#17 Bibi wa Gunners

Pole sana Fundi. Mwambie mpwa wako asome hii. Eberechi Eze alitemwa na Arsenal yangu akiwa na miaka 13, Fulham wakamtema, Reading wakamtema, Millwall wakamtema. QPR wakampokea, wakampeleka Wycombe akakomae, akaenda Palace, akafunga bao pekee la fainali ya Kombe la FA 2025 dhidi ya City, na kiangazi hichohicho tukamnunua kwa hela ambayo ingetosha kumlea yeye na mtaa wao wote. Aibu tumeilipa kwa risiti.

Ollie Watkins alikuwa Exeter, klabu inayomilikiwa na mashabiki wenyewe. Walimpeleka kwa mkopo Weston-super-Mare, daraja la sita, mji wa watu wanaokwenda kula aiskrimu ufukweni. Miaka kumi mbele nusu fainali ya Euro 2024, dakika ya 90, anageuka na beki wa Uholanzi mgongoni, anapiga kona ya mbali.

Na Declan Rice mnajua alitemwa na nani akiwa na miaka 14. Mtoto wa Darajani, usijifiche, ni Chelsea yako.

#18 Mtoto wa Darajani

Nimeshaondoka online.

#19 Bwana Nukta

Fundi, narudisha maneno yangu ya harusi na msiba. Ila bado nasema mfumo unafanya kazi. U-21 wamechukua Euro 2023 na 2025 mfululizo, Anderson mwenyewe alikuwemo ya pili. Wakitemwa huku wanaokotwa kule. Nchi yenye madaraja manne ya kulipwa na hayo ya chini yake, dogo ana pa kwenda.

#20 Fundi wa Jioni

Pa kwenda papo, hilo nakupa. Nadhani ndicho kitu England wanacho ambacho wengine hawana: Exeter, Wycombe, Bristol Rovers. Ila angalia vizuri nani anafanya kazi ya kukomaza. Wenye viwanja vya ndani na wapishi wa lishe wanamtengeneza mpaka 17, kisha klabu yenye jukwaa la mabati inammalizia, kisha mhasibu anamuuza. Yule wa jukwaa la mabati mara nyingi anapata asante tu, kwa sababu mtoto alikuwa wa mkopo. Rovers walipata kupanda daraja, angalau.

#21 Mama Nasra

Na mpwa wako yuko wapi sasa?

#22 Fundi wa Jioni

Ana miaka 20. Yuko daraja la saba, analipwa hela ya mafuta na kidogo juu, siku za kazi anafunga paneli za umeme wa jua. Jumamosi iliyopita nilikwenda. Watu kama mia tatu na mbwa wanne. Amecheza namba nane, kapigwa kiwiko, kapiga na yeye, refa hakuona. Dada alikuwa nyuma ya goli amesimama, hataki tena kukaa kwenye gari.

Zamu imeanza wakuu, nitarudi asubuhi kumjibu yule wa uzi wa Everton.